Mama Vailet na Mfupa wa Mwisho Daftarini

Bi. Lukresia Bura, ambaye Babati nzima inamwita Mama Vailet, ameitumikia hospitali yetu miaka thelathini na sita na miezi mitano, yote katika chumba cha plasta, kuanzia tarehe 1 Februari 1989. Kwa mujibu wa barua alistaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, siku aliyotimiza miaka sitini. Lakini anaagwa leo, Ijumaa tarehe 22 Agosti, karibu miezi miwili baadaye. Keki ilishaagizwa mara ya kwanza ikaahirishwa. Sababu ya kuchelewa ni mkono wangu wa kulia.

Anayeandika ni mimi, Paskali Margwe, msukuma machela. Shule niliishia darasa la nne, na haikuwa kwa kukosa akili, ng'ombe walikuwa wengi. Katibu wa jarida la wafanyakazi alitaka niseme yeye aandike. Nikamwambia anipe kalamu na karatasi aende zake. Mtu aliyesukuma machela kupandisha kilima cha wodi ya wazazi, mvua inanyesha, mgonjwa ana kilo mia na ishirini na mama mkwe wake kang'ang'ania upande mmoja, hawezi kushindwa na kalamu. Nimemkataza pia kurekebisha. Ilivyo ndivyo ilivyo.

Mama Vailet alifika kutoka milima ya Mbulu akiwa na sanduku la bati na sauti kubwa kuliko sanduku. Mimi ndiye niliyempokea getini, maana nilishakuwa kazini miaka mitatu. Chumba cha plasta siku hizo kilikuwa na meza moja, ndoo mbili na fundi mmoja mkali ambaye hakumruhusu kugusa mgonjwa mwezi mzima. Binti akaona asikae bure, akafanyia mazoezi miguu ya viti. Wiki moja baadaye wageni wa wodi ya wanaume wakakuta viti vinne vimefungwa mahogo, zile plasta ngumu za waliovunjika, kila kimoja kimeandikwa tarehe ya kufunguliwa. Matroni alifoka mpaka kofia ikamdondoka. Lakini ukweli usemwe, viti vile havikuyumba tena.

Tarehe juu ya hogo ndiyo ikawa kazi yake inayojulikana. Kabla plasta haijakauka anaandika kwa kalamu nyekundu, tarakimu kubwa kama za mgongoni mwa mchezaji mpira, siku ambayo hogo litatolewa. Wagonjwa wa Nangara walikuwa wanatazama mguu wa jirani kujua mwezi umefika ngapi. Bwana harusi mmoja alifunga ndoa na hogo la mkono limeandikwa tarehe 14, na kwenye picha zote za harusi ndiyo tarehe inayoonekana. Mpaka leo mke wake anaadhimisha siku ya kufunguliwa hogo, na mume ameona asibishane.

Na kuna daftari la hospitali analoliita lake, jalada jeusi, sasa ni la ishirini na mbili. Kila mfupa uliopita mikononi mwake umo: jina la mwenye mfupa, umri, mfupa gani, tarehe ya kufungwa, na mwisho wa mstari kuna nafasi ndogo. Mfupa ukiunga, anaweka alama ya vema. Usipounga, nafasi inabaki wazi na yeye hapati usingizi. Waliohamia Singida aliwapigia simu. Mmoja alihamia Mpanda, akamtumia barua na picha ya eksirei, naye Mama Vailet akaweka vema. Tangu msichana alisema siku ya kuondoka hataacha nafasi hata moja wazi, na sisi tuliomzoea tulijua hatanii.

Sasa naomba msomaji atulie, kuna somo. Mama Vailet akipokea mgonjwa, swali lake la kwanza siyo umeangukaje. Ni una miaka mingapi. Watu walidhani ni umbea. Yeye alituelezea sisi wahudumu hivi: mfupa ni ukuta ambao haujaisha kujengwa, kila siku kuna mafundi wanabomoa tofali bovu na mafundi wanaweka jipya. Ukiwa kijana, mafundi wa kujenga wapo getini saa kumi na mbili asubuhi wanagombania kazi. Ukizeeka, wanabaki wachache, wanakuja saa nne, wanauliza chai iko wapi. Wale wa kubomoa hawazeeki. Kwa hiyo mfupa ule ule uliovunjika pale pale, kijana unaunga kwa wiki sita, mzee anaweza kuhitaji mara mbili yake.

Na akaongeza jambo ambalo mimi nilibishana nalo miaka yote. Ukivunjika mfupa mmoja, alisema, siyo huo mmoja tu unaoumia. Mwili mzima unapoteza mfupa, hata paja ambalo halikuwepo kwenye ajali. Kijana anarudishiwa karibu wote. Mzee anarudishiwa nusunusu, na akilala kitandani kujihurumia ndiyo anapoteza zaidi. Nilimwambia wazi kwamba paja langu halina habari na mkono wangu, kila mmoja anaishi kivyake.

Nije kwenye umri wangu. Hospitali yetu ina timu ya kuvuta kamba ya Mei Mosi, na mimi ndiye nanga, yule wa mwisho anayejifunga kamba kiunoni. Miaka ishirini hakuna aliyenitoa pale. Halafu ikatungwa kanuni na kamati moja ya watu wasiojua kamba, kwamba aliyefika hamsini asivute, akae pembeni ashike makoti. Mimi nilizaliwa nyumbani, hakuna cheti, mama alikumbuka tu kwamba ilikuwa mwaka mbuzi walikufa. Mbuzi wamekufa miaka mingi. Basi nikachagua arobaini na tisa, nikaipenda, nikakaa nayo. Kuna mhasibu alipiga hesabu mbele za watu akakuta nilianza kazi hapa nikiwa na miaka kumi. Nikamjibu nilikuwa na mwili mkubwa.

Tarehe 17 Februari nilipanda bodaboda ya Feisal kutoka Maisaka kuja kazini. Feisal ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa yule muuza vitenge wa sokoni, dereva mzuri ila anaongea na mikono. Bata mzinga wa mtu akakatiza barabara. Feisal alimkwepa, bata akabadili mawazo, tukaenda chini wote wawili. Bata hakuguswa. Sisi tulivunjika mfupa mmoja, mkono mmoja, mahali pamoja: mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Daktari aliziweka picha zetu ubaoni akasema zinafanana kama pacha.

Mama Vailet akatulaza meza moja, mmoja huku mmoja kule, akauliza umri. Feisal akasema ishirini na mbili. Mimi nikasema arobaini na tisa. Kalamu ikasimama hewani.

"Baba Anselimu," akaniambia, "mimi namjua Anselimu mwanao. Ana mvi."

Nikamjibu mvi za Anselimu ni za upande wa mama yake. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, akaandika nilichosema. Kwangu na kwa Feisal akaandika tarehe moja, 31 Machi, kwa kalamu nyekundu. Kwangu akaongeza chini yake maneno madogo madogo. Sikuyasoma. Mtu akiandika kwa herufi ndogo maana yake siyo muhimu.

Zile wiki sita nilikunywa supu ya kongoro kila asubuhi, mabakuli yasiyopungua arobaini, kwa imani kwamba mfupa unaenda kwenye mfupa. Baada ya supu, sigara moja ya kushushia. Mama Vailet alinikuta pale kwa mama ntilie akasema supu haina ubaya, ila niongeze maziwa, maharage na dagaa, nitoke juani, nichezeshe vidole na bega, na sigara niitupe maana inawafukuza hata wale mafundi wachache niliobaki nao. Nikamwambia mafundi wangu wako wengi, wamepanga mstari. Nikaagiza bakuli la pili.

Tarehe 31 Machi Mama Vailet alikuwa safarini Dodoma kufuatilia karatasi za kustaafu. Feisal akaenda eksirei kama alivyoelekezwa, mfupa wake umeunga safi, akafunguliwa, jioni yuko barabarani anaongea na mikono. Mimi kupanga foleni ya eksirei nikaona ni kupoteza siku. Tarehe si imeandikwa? Nikaloweka hogo kwenye ndoo nyumbani, nikalikata kwa kisu cha kukatia sukuma wiki. Mke wangu alisoma yale maneno madogo wakati vipande viko chini tayari. Yalisema: *baada ya picha tu, huyu anadanganya umri.*

Mkono ulionekana mzima. Ulikuwa mwembamba na una manyoya kama wa mtu mwingine, lakini mzima. Nikautunza mwezi mmoja. Mei Mosi nikajifunga kamba kiunoni pale uwanjani, timu ya kiwanda cha alizeti upande wa pili, vijana wanaokula mashudu nadhani. Filimbi ikapulizwa. Nilivuta pumzi tatu. Ya nne ukasikika mlio kama kijiti kikavu, nikaachia, na kwa kuwa nanga ndiyo inashikilia wote, timu nzima ya hospitali ikaenda kifudifudi, mganga mfawidhi akiwa wa kwanza kufika chini. Feisal alikuwa pembeni anauza kofia za Mei Mosi. Akapaza sauti, "Mzee kavunjika tena!" Watu elfu nzima wakasikia neno mzee.

Mama Vailet alinifunga upya kesho yake. Ufa ulikuwa umefunguka pale pale. Daktari akaonyesha picha, kwamba mfupa wa Feisal ulikuwa umevimba mahali pa kuunga kama fundo la muwa, wangu ulikuwa na kijiukungu tu kama moshi wa jiko linalozimika. Mama Vailet hakuniuliza umri. Aliandika wiki kumi na mbili, akafungua daftari jeusi akanionyesha. Mistari yote iliyofikia tarehe yake ina vema, kurasa na kurasa. Mmoja tu uko wazi, wa Paskali Margwe. Siku zake za kazi zilibaki sitini.

Nilipiga hesabu mwenyewe, na hesabu naijua. Wiki kumi na mbili zinapita tarehe 30 Juni. Ule mstari ungebaki wazi, miaka thelathini na sita ingeishia kwenye mkono wangu. Nilijisikia vibaya.

Kuna kitu kinaitwa kundi la Jumanne. Mama Vailet alilianzisha zamani kwa waliovunjika na wenye umri mkubwa. Wanakutana nyuma ya chumba cha plasta, wanazunguka uwanja, wanaminya mipira ya matambara, wananyanyuka na kukaa kwenye viti, halafu wanakunywa maziwa. Kiongozi wao ni Bi. Mwanaharusi, miaka sabini na mbili, mwenye duka karibu na stendi. Alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita, na leo anatembea bila fimbo, fimbo anatumia kuonyeshea watu makosa yao. Kila Jumanne kabla ya kuanza wanaitana majina, na kila mtu anataja umri wake kwa sauti. Mama Vailet aliniagiza niende tangu Mei. Sikwenda. Niliwaona kwa mbali nikisukuma machela kwa mkono mmoja, nikawahurumia wale wazee.

Tarehe 30 Juni, siku yake ya mwisho, saa tatu asubuhi, nilipigwa picha. Watumishi walikuwa wameshaanza kupamba ukumbi, keki iko njiani. Daktari akainua picha dirishani. Mfupa haujaunga. Siyo hivyo tu, mfupa ulio jirani yake nao umepauka, na vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa haviwezi kushika kijiko. Mama Vailet akakaa kwenye kiti. Katika miaka thelathini na sita sijawahi kumwona amekaa kwenye kile chumba. Akasema keki warudishe, yeye haagwi. Mganga mfawidhi akamweleza kwa upole kwamba kustaafu siyo ombi, tarehe imefika. Akajibu, "Basi nimestaafu. Lakini kuagwa ni hiari yangu, na mimi naagwa siku Baba Anselimu atakaponyanyua ndoo."

Nataka ieleweke kwamba mimi sikubadilishwa na mtu. Niliamua mwenyewe. Kesho yake ilikuwa Jumanne, nikaenda nyuma ya chumba cha plasta, nikasimama mwisho wa mstari. Mama Vailet alikuwepo amevaa nguo za nyumbani, mstaafu wa siku moja. Majina yakaitwa. Bi. Mwanaharusi akataja sabini na mbili yake kama mtu anayetaja cheo. Ikafika kwangu. Feisal aliyemleta bibi yake akazima pikipiki asikie.

Nikasema sitini na nane.

"Mimi nilidhani sabini na tano," Bi. Mwanaharusi akasema. "Karibu, kijana. Nyanyua mguu."

Kuanzia siku hiyo sikukosa Jumanne hata moja. Nilizunguka uwanja, nikaminya mpira wa matambara mpaka ukachanika, nikanywa maziwa, nikala dagaa na vichwa vyake, nikakaa juani kama mahindi. Sigara nimempa jirani, naye nimemshauri aache. Nasema bila kujisifu kwamba kwa kunyanyuka kwenye kiti bila kushika nimekuwa wa pili katika kundi zima. Wa kwanza ni Bi. Mwanaharusi, lakini yeye alianza mapema, na kiti chake kiko juu kidogo. Nimekipima.

Mama Vailet alikuja kila Jumanne, wiki saba, bila kuajiriwa na mtu. Alikuwa ananishika bega na kunisukuma kama mimi ndiye machela. Aliniambia kitu ambacho nakiandika hapa kwa faida ya wazee wenzangu mnaosoma: mfupa wa mzee siyo kwamba haupendi kuunga, unachelewa tu, na unataka kuambiwa ukweli. Niliuliza mfupa unasikiaje. Akasema nifunge mdomo nichezeshe vidole.

Hogo lilitolewa wiki ya mwisho ya Julai, baada ya picha, na maneno madogo niliyasoma mwenyewe. Kulikuwa na fundo tayari, dogo. Wakasema tusubiri. Jumanne hii iliyopita, tarehe 19 Agosti, nikapigwa picha ya mwisho. Daktari akaitazama upande huu na upande ule. Mfupa umeunga. Umepinda kidogo, nakubali, lakini umeunga. Nikachukua ndoo iliyojaa maji pale mlangoni, nikainyanyua kwa mkono wa kulia mpaka usawa wa kifua, na sikumwaga isipokuwa kwenye viatu vya daktari.

Daftari likafunguliwa. Mama Vailet akachukua kalamu nyekundu, akainama kwenye mstari wangu, kisha akasimama. Siyo mtumishi tena. Kwenye daftari la hospitali haruhusiwi kuandika, na yeye hajawahi kuvunja utaratibu hata wa kufunga mlango. Akampa kalamu Hadija, fundi mpya aliyerithi chumba. Hadija akairudisha, akasema, "Shikamoo Mama, mimi siwezi, huu mfupa ni wako." Mama Vailet akasema marahaba na kwamba haiwezekani. Ikaenda, ikarudi. Mwishowe Mama Vailet akawa anatazama ukutani, na macho yake niliyaona.

Mimi nikaichukua kalamu. Hakuna aliyeniruhusu na sikuomba. Nikaweka vema. Mkono ulikuwa bado haujui nguvu yake, vema ikaanzia kwenye nafasi yangu ikapanda mistari mitatu juu, ikapita mstari wa Feisal na wa mama mmoja wa Maisaka. Hadija akashtuka. Mama Vailet akacheka mpaka akashika meza. Akalifunga daftari, akaweka kiganja juu ya jalada, akasema sasa leteni hiyo keki.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya kila aliyewahi kuingia kwenye kile chumba akibebwa akatoka akitembea, asante Mama Vailet. Nenda kalime mbaazi zako, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na Mungu akupe miaka mingi yenye nguvu za magoti. Jumanne tutakukuta kwenye mstari pamoja nasi, na safari hii umri utautaja wewe.